Heinrich von Stephan: Aliyeifikisha posta dukani kijijini

MKULIMA wa Nanganga, pale inapochepuka barabara ya Ruangwa, anaijua gharama ya umbali. Akipanda gari kwenda Masasi kutuma kifurushi au kufuata fedha zake, nauli na siku ya shamba vimekwishapotea kabla hajahudumiwa. Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Heinrich von Stephan, Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Alizaliwa Januari 7, 1831, mjini Stolp, ambao leo uko Poland. Akiwa mtoto wa fundi, aliingia kazi ya posta mwaka 1848 na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na posta nyingi, kila moja na bei zake. Mwaka 1867 alisimamia kazi ya kuihamishia serikali ya Prussia posta ya ukoo wa Thurn und Taxis, na mwaka 1870 akawa mkuu wa posta.

Vijijini kulikuwa na shida moja: kujenga ofisi na kulipa karani kila kijiji kungeila posta mtaji wake. Stephan akatumia watu waliokuwapo tayari. Kuanzia mwaka 1871 zilifunguliwa posta za uwakala, zikiendeshwa na watu wenye shughuli nyingine. Mwaka 1881 vikaongezwa vituo vidogo zaidi, ambako mwenye duka au nyumba ya wageni aliuza stempu na kupokea barua bila mshahara. Faida yake ilikuwa mteja aliyeingia mlangoni.

Mwaka 1874 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha mjini Bern umoja wa posta wa nchi 22, ambao leo ni Umoja wa Posta Duniani. Chini ya uongozi wake, Oktoba 1890, zilifunguliwa posta za Kijerumani Dar es Salaam na Bagamoyo. Lakini hizo zililenga utawala wa kikoloni na makampuni. Mkulima wa uwanda wa Makonde hakuwamo katika hesabu. Stephan alifariki Berlin Aprili 8, 1897.

Mfanyabiashara mdogo ana la kujifunza hapa. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994, haliwezi kujenga ofisi kila njia panda, lakini maduka yapo, na mengi tayari yana uwakala wa fedha. Anayetaka kuongeza huduma ya aina hiyo asitazame kamisheni peke yake, maana ni ndogo. Apige hesabu ya sukari na sabuni atakazouza kwa anayekuja kuhudumiwa. Aandae floti ya kutosha kabla ya msimu wa korosho, aandike kila muamala, na atunze siri za wateja. Mkulima akikosa fedha yake mara mbili, hatarudi. Atapanda gari kwenda Masasi, na sukari atanunua huko huko.