Mzee Blue wa Kivukoni

Nilipopewa ukurasa huu wa watu maarufu waliotangulia, najua wengi mlitegemea niwaletee Mkwawa au Siti binti Saad. Mtanisamehe. Safari hii nawaletea mtu wa hapa hapa Sydney, mtu mweusi, aliyefika mjini hapa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akaoa, akajenga, akazaa watoto sita, akafariki akiwa mmoja wa watu wanaojulikana kuliko wote katika koloni hili. Jina lake William Blue, lakini mji mzima ulimwita Billy Blue.

Mwenyewe nilikutana na jina lake bila kujua. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nasafisha ofisi usiku kule North Sydney. Ukitoka kituo cha treni unakutana na Blue Street. Mimi nikadhani ni habari ya rangi, nikawa najiuliza hapa cha buluu ni kipi. Mbele kidogo kuna Blues Point Road, inateremka mpaka baharini kwenye rasi inayoitwa Blues Point. Nilikuja kuambiwa na mlinzi mmoja mzee, Muaustralia, kwamba huyo Blue alikuwa mtu mweusi kama mimi. Nilidhani ananitania. Kesho yake nikaingia maktaba badala ya kusoma habari za zege.

Basi, maisha yake kwa ufupi. Wengine husema alizaliwa Jamaica, mtaa wa New York, wengine kisiwa cha Jamaica chenyewe. Yeye alipenda kusimulia kwamba aliwahi kulitumikia jeshi la Waingereza katika vita vya Marekani. Tunachokikuta kwenye kumbukumbu za mahakama ni kwamba miaka ya 1790 alikuwa Deptford, karibu na London, akifanya kazi ya ukuli kwenye meli zinazoleta bidhaa kutoka West Indies, na pia akitengeneza chokoleti. Tarehe 4 Oktoba 1796 alihukumiwa huko Maidstone, Kent, kwa kuiba sukari ghafi. Miaka saba, na kuhamishiwa ng'ambo. Fikirieni jambo hilo: sukari iliyolimwa na watumwa weusi, imepakuliwa na kuli mweusi, na huyo kuli ndiye akaitwa mwizi. Sisemi kuiba ni kuzuri. Nasema tu.

Kabla ya kuletwa huku alikaa zaidi ya miaka minne kwenye meli kuukuu zilizogeuzwa magereza, zimetia nanga kwenye maji ya Uingereza, giza na unyevu na baridi. Halafu akapakiwa kwenye meli iitwayo Minorca, ikafika Sydney Desemba 1801. Wasomaji wa Sydney mnaijua Desemba yetu. Mimi ni mtu wa Njombe, nimekulia kwenye baridi ya kuvaa koti Julai nzima, na Desemba yangu ya kwanza hapa nililala sakafuni kama mbuzi kwa joto. Sasa mtu atoke kwenye tumbo la meli ya gereza, ashuke kwenye jua lile na bahari ile inayometameta! Wala hakuwa mweusi wa kwanza. Katika msafara wa kwanza wa mwaka 1788 walikuwamo weusi wasiopungua kumi, na mmoja wao, John Caesar, alitorokea porini akawa jambazi mpaka akauawa mwaka 1796. Mwanahistoria Cassandra Pybus ameandika kitabu kizima juu ya watu hao, kilitoka mwaka 2006. Anayetaka akakitafute.

Blue alimaliza kifungo chake mwaka 1803. Hakurudi alikotoka. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, ikaja meli ya Experiment, ndani yake mwanamke mfungwa kutoka Hampshire, Elizabeth Williams, umri kama miaka 30. Haikupita muda wakawa wanaishi pamoja mtaa wa The Rocks, na tarehe 27 Aprili 1805 wakafunga ndoa katika kanisa la St Philip's.

Hapo kwenye ndoa ndipo niliposimama muda mrefu, na mtaniwia radhi nikisimama na nyinyi. Yule bwana hana baba, hana mjomba, hana mtu wa kumpeleka barua. Yule bibi mama yake yuko upande wa pili wa dunia. Hakuna mshenga, hakuna mahari, hakuna shangazi wa kumfunda mwari. Mfungwa akitaka kuoa au kuolewa lazima Gavana aruhusu, yaani serikali ndiyo mshenga na ndiyo baba mkwe. Siku wakigombana usiku, wanakwenda kwa nani?

Naliuliza hilo kwa sababu limenipata. Mke wangu na binti yetu wa miaka miwili walinifuata hapa Novemba mwaka juzi. Miaka miwili nilikuwa nimeishi kihuni huni na wenzangu wanne kwenye nyumba moja, tunakula kwenye sufuria, na nilidhani mke akifika tu maisha yatakuwa kama ya nyumbani. Ndugu zangu, wapi! Mchana niko maabara, usiku niko kwenye ghala napanga mizigo, naye kashinda na mtoto kwenye chumba kimoja, joto nyuzi 38, madirisha yanafunguka robo. Huyu mwanamke nyumbani alikuwa keshia wa benki, anavaa suti, anahesabu mamilioni ya watu. Hapa anahesabu vijiko. Nikirudi asubuhi nataka chai na kulala, yeye anataka mtu wa kuongea naye. Mwezi wa tatu akaniambia anataka kurudi Njombe. Nikampigia mama yangu simu, mama akasema kaeni na wazee muyamalize. Wazee gani, mama? Mtu mzima kuliko wote ninaowajua Sydney ni msimamizi wa utafiti wangu, na yeye ameachika mara mbili.

Tumrudie Blue. Alianza na boti moja. Kuuza chaza, kuvusha watu, kubeba mizigo. Ili muelewe biashara hiyo, waliowahi kusubiri pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni au feri ya Likoni hawahitaji maelezo. Mji uko upande huu wa maji, ardhi iko upande ule, na kati yao ni kama nusu kilomita ya bahari yenye kina kirefu. Anayetaka kuzunguka kwa miguu lazima aende mbali kuelekea magharibi, siku nzima inaisha. Daraja kubwa mnalopiga nalo picha, lenye tao la mita 503, lilifunguliwa mwaka 1932. Kabla ya hapo ni makasia, baadaye ni mvuke. Kwa hiyo mwenye boti mahali pembamba pa bandari ana mali kuliko mwenye duka. Blue aliliona hilo mapema, na mimi kama mhandisi nampa heshima yake: alichagua mahali.

Gavana Lachlan Macquarie, aliyetawala kuanzia 1810 hadi 1821, alimpenda mzee huyu. Mwaka 1811 akamfanya mlinzi wa bandari na askari, kazi ya kukesha akiangalia maji. Mwaka 1817 akampa ekari 80 upande wa kaskazini, palepale penye rasi. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wacammeraygal, ambao hakuna aliyewauliza. Gavana aligawa cha watu kama vile ni chake, na Blue akapokea. Tusijifanye hatukuliona. Boti zake zikaongezeka, Macquarie akamtania kwamba sasa ana kundi la meli kama mkubwa wa jeshi la maji, akamwita Komodoo. Utani huo Blue aliuchukua kama cheo cha kweli, hakuuachia mpaka kufa.

Mwaka 1818 mlinzi wa bandari akakamatwa na magendo ya ramu. Kazi ikaisha siku hiyo. Lakini shamba likabaki na boti zikabaki, na nyumbani kulikuwa na watoto sita wa kulisha. Watoto wakakua, wa kiume wakashika makasia. Binti mmoja aliolewa na George Lavender, mtumishi wa meli ya gereza iitwayo Phoenix iliyotia nanga kwenye ghuba ya jirani. Ghuba hiyo leo ni Lavender Bay, mahali pa nyumba za mamilioni ya dola. Kumbe jina hilo zuri si la ua, ni la mkwe wa Mzee Blue.

Elizabeth alifariki mwaka 1824. Miaka kumi iliyobaki mzee aliishi bila yeye, na hadithi karibu zote zinazochekesha juu yake ni za miaka hiyo. Alivaa kofia ndefu na koti la jeshi la maji, akatembea mitaani na gunia begani, akidai kila mtu amsalimie kwa heshima ya Komodoo. Meli mpya ikiingia bandarini yeye huyo, anapanda kuikaribisha kana kwamba bandari ni yake. Inasimuliwa kuwa uzeeni alikuwa akimpakia abiria, kisha anamshawishi abiria mwenyewe apige makasia, na nauli analipa. Wazungu walicheka mbavu ziume.

Kwanza hadithi hizi zilinikera. Nilimwona mzee anafanywa kichekesho cha mji, na sisi tunayajua macho ya namna hiyo. Nikasoma tena. Katika miaka ya 1820 alikuwa na kesi na majirani, akashitakiwa kuwaficha wafungwa watoro, washindani wakaingilia biashara ya kuvusha. Mtu mweusi, aliyewahi kufungwa, mwenye ekari 80 mbele kabisa ya mji, angenyang'anywa mara ngapi? Naona ile kofia ilikuwa ukuta. Ukimcheka mtu huwezi tena kumwogopa, na asiyeogopwa huachwa kwenye shamba lake. Hayo ni mawazo yangu, mnaweza kuyakataa.

Alifariki nyumbani kwake Mei 1834. Gazeti la Sydney Gazette likamwandikia tanzia ndefu ambayo matajiri wengi hawakuipata. Mwaka huohuo alichorwa na J. B. East, na picha hiyo imetunzwa katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales. Baadaye, mwaka 1901, nchi hii ikapitisha sheria ya kuwazuia watu wasio weupe kuingia, na mabaki yake hayakuisha mpaka 1973. Muda wote huo, Sydney ilikuwa na barabara yenye jina la mtu mweusi.

Jumapili moja ya mwezi ule wa tatu, baada ya wiki ya kununiana, nilimchukua mke wangu na mtoto tukapanda feri pale Circular Quay mpaka McMahons Point. Jumapili nauli ni nafuu. Tukatembea mpaka kwenye rasi, chini ya lile ghorofa la Harry Seidler la mwaka 1962 ambalo wenyeji wengi hulisema vibaya na mimi nalipenda. Mtoto akakimbiza njiwa. Nikaanza kumsimulia habari za Mzee Blue, sukari, meli, Macquarie, kofia. Nilisimulia vizuri, nikajua atacheka.

Hakucheka. Aliniuliza, yule mume alipokuwa anakesha kulinda bandari, hao watoto sita walikuwa na nani. Akaniuliza ekari 80 zililimwa na nani wakati bwana yuko kwenye boti. Nilipomwambia kwamba vituko vyote vilizidi baada ya mke kufa, akanyamaza kidogo, kisha akasema basi huyo mama ndiye aliyekuwa anashika usukani, na nyinyi mnamwandika kwa mistari miwili. Akaongeza kwamba Blue lilikuwa jina la yule mama pia, kwa hiyo barabara ile ni ya wawili.

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya maji. Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukitamka kwenye chumba chetu: kwamba harudi Njombe kwa sababu ya joto wala kwa sababu ya upweke, ila hana hata senti moja aliyoichuma mwenyewe tangu afike. Tukapigana mahesabu palepale, keshia na mhandisi, kwenye karatasi ya chipsi.

Niliacha zamu mbili za ghala. Jumanne na Alhamisi jioni yeye anakwenda kwenye masomo ya uhasibu, mimi nabaki na binti. Ugali siku hizo naupika mimi, na mpaka leo unatoka na madonge.