Imam Nawawi: Kijana Ambaye Hakungoja Kesho



Ndugu yangu msomaji, hebu nianze na swali. Ramadhani iliyopita ulitia nia ya kufanya nini? Kukhitimu Qur'ani? Kuhifadhi juzuu moja? Kurudi kwenye masomo uliyoyaacha njiani? Kuacha jambo unalolijua wewe na Mola wako tu? Sasa Ramadhani nyengine hii imeingia. Je, jambo lile limefanyika, au bado liko pale pale, tumelifunika na maneno yetu matamu ya inshaallah baada ya Idi?

Usinikasirikie. Swali hili najiuliza mimi mwanzo. Nilipokuwa madrasa nilianza kuhifadhi Arba'in, zile hadithi alizozikusanya Imam Nawawi. Nikafika ya 17, nikasimama. Nikasema nimalize kwanza mtihani wa kidato cha nne. Mtihani ukaisha, nikasema niingie kwanza chuo kikuu. Chuo nimeingia, huu ni mwaka wa tatu. Na ustadh aliyekuwa akinisikiliza ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, ya 18 sijamsomea. Ndipo nikaamua kuyasoma maisha ya mwenye kitabu chenyewe. Wallahi nimeona haya. Nakuletea kwa ufupi, tuone haya pamoja.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijria (1233) katika mji mdogo wa Nawa, kusini mwa Damascus, nchi ya Sham. Babake alikuwa na duka. Yahya alipokuwa na miaka kama kumi, watoto wenziwe walikuwa wakimlazimisha kucheza, naye akiwakimbia huku akilia, ashike Qur'ani yake. Babake alimweka dukani auze. Wateja wakiingia na kutoka, lakini biashara haikumtoa kwenye Qur'ani, akaihifadhi karibu na kubaleghe. Sisi tungesema kazi ya duka haituachii nafasi.

Sasa zingatia hapa. Mwaka 649 Hijria (1251) babake alimpeleka Damascus kusoma. Alikuwa na miaka kama 18, yaani umri wa kijana wetu aliyetoka kidato cha nne. Ametoka mji mdogo, anaingia mji wa maulamaa ambapo kuna wanafunzi waliolelewa ndani ya ilimu tangu utotoni. Angeweza kusema amechelewa, arudi kwa babake dukani. Hakusema. Alipewa chumba katika madrasa ya Rawahiyya, akila mkate wa madrasa. Kwa muda wa miezi minne na nusu hivi akawa amehifadhi At-Tanbih, kitabu kizima cha fiqhi. Mwaka ule ule akahifadhi na robo ya Al-Muhadhdhab. Baadaye akawa anasoma darasa 12 kwa siku: fiqhi, hadithi, nahau, sarfa, usul na nyenginezo. Usingizi ukimzidi akiegemea vitabu vyake kidogo, kisha akiamka na kuendelea.

Pengine utasema zama zao zilikuwa tulivu. Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1258 Wamongolia waliivunja Baghdad na kumuua khalifa. Mwaka 1260 wakaichukua Damascus yenyewe, mpaka waliposhindwa pale Ain Jalut, tena ndani ya Ramadhani. Imam alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kama kuna aliyekuwa na udhuru wa kusema tungoje hali itulie, ni yeye.

Kuna kisa chengine alichokisimulia mwenyewe. Aliwahi kutamani kusoma utabibu, akanunua Al-Qanun, kitabu mashuhuri cha Ibn Sina. Siku kadhaa moyo wake ukawa mzito, hawezi kushughulika na chochote. Akajihesabu ni kitu gani kimemwingilia, akakigundua: ni kile kitabu. Akakiuza, akatoa chumbani kila kilichohusiana nacho, akarudi kwenye njia yake. Tuelewane, utabibu ni ilimu yenye heshima na madaktari twawahitaji. Lakini hakikuwa kile alichokuja kukifanya. Wewe na mimi, chetu ni kipi? Huenda ni hiyo simu iliyo mkononi baada ya futari mpaka karibu na daku.

Na matunda yake? Akatuandikia Minhaj, ambayo ndiyo tegemeo la fiqhi ya Shafi'i hadi huku pwani kwetu. Akaandika sharhe ya Sahih Muslim na hiyo Arba'in. Riyadh as-Salihin, tunayosomewa misikitini, aliimaliza katika mwezi wa Ramadhani mwaka 670 Hijria (1272). Mwezi kama huu tulio nao! Sisi twaufanya udhuru wa kulala hadi alasiri, yeye ndani yake alikamilisha kitabu kinachosomwa zaidi ya miaka 700. Alisimamia pia Dar al-Hadith al-Ashrafiyya, na hakuogopa kumkabili Sultani Baybars kwa ajili ya haki za raia.

Mwaka 676 Hijria (1277) alirudisha vitabu alivyoazima, akazuru makaburi ya masheikh wake, akazuru Baytul Maqdis, akarudi kwao Nawa kwa babake. Akaugua na kufariki mwezi wa Rajab. Umri wake miaka 45 kwa hesabu ya Hijria. Tangu aingie Damascus ni miaka 27 tu.

Aliacha Al-Majmu', kitabu chake kikubwa cha fiqhi, amefika mlango wa riba. Hakukimaliza, wengine wakaja kukiendeleza. Hapa ndipo penye somo letu. Kufikwa na mauti kazi ikiwa njiani si aibu. Aibu ni kufikwa na mauti tukiwa bado twasubiri nafasi nzuri ya kuanza. Arba'in inafunguliwa na hadithi ya nia, lakini mwenye kuikusanya hakuishia kwenye nia.

Siombi uache kulala, mwili nao una haki yake. Chagua jambo lako moja, lipe wakati mmoja kwa siku, na ukiondoe kile kinachokuzuia. Kisha anza leo, baada ya alasiri, kabla hujaitwa jikoni kusaidia futari.

Mimi nimeshaifungua ile hadithi ya 18. Kumbe ndani yake mna mafundisho ya kulifuatishia baya jema ili lilifute. Nimeihifadhi. Bado 24, maana hadithi zenyewe ni 42 kwa jumla. Na wewe, yako ni ipi?

Ramadhan Kareem. Wassalaam aleikum.