Aga Khan wa Tatu hakuiona hospitali yake ikifunguliwa
Wanaotibiwa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, katika kituo cha Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, wengi hawajui kwamba chimbuko lake ni sherehe za mizani.

Sultan Mahomed Shah alizaliwa Karachi mwaka wa 1877, akarithi uimamu wa Waismailia akiwa na miaka saba. Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, alipimwa kwa almasi (za kuazima!), waumini wakachanga thamani yake, naye akawarudishia iwe mtaji. Yubile ya platinamu ya 1954 ikazaa hospitali ya Nairobi.

Alifariki Julai 1957. Hospitali ilifunguliwa 1958, na tangu 2005 hufundisha madaktari chini ya chuo kikuu alichokianzisha mjukuu wake, Karim, mwaka wa 1983.