Philip Hench: Daktari aliyefungua njia ya kuokoa figo za watoto wenye lupasi

Na Mwandishi Wetu, Chalinze

UKITOKA Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, Chalinze ndipo njia zinapogawanyika. Gari linaloshika kulia huelekea Msata, Segera na hatimaye Tanga, katika nchi ya mkonge. Wasafiri wengi huufahamu mkonge kwa kamba na magunia tu. Ni wachache wanaojua kuwa mmea huo uliwahi kuwa malighafi ya dawa, tena dawa za jamii ile ile inayotumika kuokoa watoto ambao figo zao zimeshambuliwa na lupasi.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Hushambulia ngozi, viungo, damu, moyo na figo. Kwa watoto huja kwa ukali zaidi kuliko kwa watu wazima, na nusu yao au zaidi huathirika figo, mara nyingi katika miaka miwili ya mwanzo. Kabla ya katikati ya karne ya 20, mtoto aliyefikia hali hiyo hakuwa na tumaini kubwa la kuishi. Mlango wa matumaini ulifunguliwa na daktari ambaye kazi yake ilihusu ugonjwa mwingine kabisa.

Philip Showalter Hench alizaliwa Februari 28, 1896, katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, hali iliyomfanya azungumze kwa taabu. Hilo halikumzuia kusoma. Alihitimu udaktari mwaka 1920, na mwaka uliofuata akajiunga na hospitali ya Mayo, iliyoko Rochester, Minnesota. Mwaka 1926 alikabidhiwa idara ya magonjwa ya baridi yabisi.

Wakati huo baridi yabisi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kumlemaza mtu bila kurudi nyuma. Mnamo Aprili 1, 1929, mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba maumivu ya viungo yalimpungua alipopatwa na ugonjwa uliomtia macho ya njano. Hench hakulipuuza neno hilo. Aliendelea kuwachunguza wagonjwa, akaona pia kuwa wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito. Akahitimisha kwamba mwili wenyewe una kitu cha kuituliza baridi yabisi, ingawa hakukijua ni kipi.

Katika hospitali hiyo hiyo mwanakemia Edward Kendall alikuwa akichambua homoni za tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Wawili hao walikubaliana kuijaribu mojawapo, lakini Vita Kuu ya Pili ikaingilia kati na Hench akaenda jeshini. Hatimaye kampuni ya Merck ilifaulu kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa kazi ndefu yenye hatua zaidi ya 30. Septemba 21, 1948, mwanamke mwenye umri wa miaka 29, aliyekuwa hajiwezi, alidungwa sindano ya kwanza. Baada ya wiki moja aliweza kutoka hospitalini na kwenda madukani. Dawa hiyo ikaitwa kotisoni.

Mwaka huo huo wa 1948, Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo walieleza chembe ya pekee iliyosaidia kuitambua lupasi. Hivyo hospitali moja ilitoa kipimo na tiba kwa wakati mmoja. Muda si mrefu madaktari walianza kuwapa kotisoni wagonjwa wa lupasi na watoto waliovimba kwa maradhi ya figo. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Sifa hiyo haikumlevya. Wagonjwa waliotumia dawa kwa wingi walivimba uso, mifupa ikadhoofika, wengine wakachanganyikiwa akili. Hench alionya hadharani kuwa kotisoni huzima moto lakini haiondoi chanzo chake.

Tatizo jingine lilikuwa uhaba. Nyongo ya ng'ombe haikutosheleza mahitaji ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Uingereza waligundua kuwa maji yanayomwagika mashine ya korona inapokwangua majani ya mkonge wa Afrika Mashariki yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengenezea dawa. Mmea ulioletwa Pangani na Mjerumani Dk. Richard Hindorf mwaka 1893 kwa ajili ya nyuzi ukawa na kazi mpya.

Hench alistaafu mwaka 1957 na kufariki dunia Machi 30, 1965, akiwa Jamaika. Leo mtoto mwenye lupasi ya figo hupewa prednisoloni, ndugu wa kotisoni, pamoja na dawa nyingine za kutuliza kinga na ile ya jamii ya klorokwini. Wengi huishi na kukua, mradi tiba ianze kabla figo hazijaharibika. Zikishakufa, hubaki kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo.

Hapo ndipo penye hatari kwa mzazi wa Chalinze au Bagamoyo. Mtoto akiamka na uso uliovimba, akikojoa mkojo wenye povu au wa rangi ya chai, au akiwa na homa na maumivu ya viungo yasiyokwisha, asidhaniwe kuwa ana malaria tu au amerogwa. Kipimo cha mkojo na cha shinikizo la damu hupatikana hata katika vituo vya afya, na kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda Tumbi au Muhimbili. Anayetumia prednisoloni naye asiiache ghafla kwa sababu uso umevimba. Hilo ni la kuzungumza na daktari kwanza.

Hench alifika mbali kwa kuwa alimsikiliza mgonjwa mmoja. Mtoto anayelalamika nyumbani naye anastahili kusikilizwa.