Mtakatifu Inyasi na Vitabu vya Kitandani

Wengi wenu mmejua kusoma juzi tu. Lakini mmekwisha kuona ya kuwa vitabu havilingani. Kitabu kimoja mwakisoma mpaka taa inakwisha mafuta. Kingine mwakifungua tu, na usingizi waja. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama kitabu kinachopendeza ndicho kitabu chema. Sikumjibu kwa neno moja. Nilimsimulia habari za mtu aliyepata jibu hilo akilala kitandani, mguu wake umevunjika. Leo nawasimulia ninyi nyote.

Askari wa Loyola

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania. Jina la ubatizo wake lilikuwa Iñigo. Jina la Inyasi alilitwaa baadaye. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa heshima, naye alikuwa mwana wa mwisho. Akiwa kijana alipelekwa kukaa katika nyumba ya Juan Velázquez, mtunza hazina ya mfalme, ajifunze desturi za wakubwa. Huko alijua kushika upanga, kuvaa nguo za fahari na kuandika mwandiko mzuri. Kusali alisali, lakini moyo wake ulikuwa mbali.

Katika siku zile watu wa Hispania walipenda mno hadithi za mashujaa wapanda farasi. Iliyosifiwa kupita nyingine ni hadithi ya Amadís wa Gaula, iliyopigwa chapa mwaka 1508. Katika hadithi za namna hiyo shujaa huzunguka nchi, hupigana na majitu, hudharau mauti, na yote huyafanya kwa ajili ya sifa na kwa ajili ya bibi anayempenda. Inyasi alizisoma kwa shauku kubwa, na kichwa chake kilijaa mambo hayo.

Mwaka 1521 askari wa Ufaransa waliuzingira mji wa Pamplona. Wakubwa wa ngome waliona ya kuwa hawawezi kushinda, wakataka kujitoa. Inyasi peke yake alikataa, akawatia moyo wapigane. Tarehe 20 Mei risasi ya mzinga ilipita katikati ya miguu yake: wa kuume ulivunjika, na wa pili ukajeruhiwa. Alipoanguka yeye, ngome nayo ilianguka. Wafaransa walimtendea kwa wema, wakamfunga vidonda. Kisha akachukuliwa kwa machela mpaka kwao Loyola.

Huko madaktari waliona ya kuwa mifupa haikuungana sawasawa. Basi wakauvunja mguu mara ya pili, na dawa ya ganzi haikuwako bado. Inyasi hakulia, alikaza ngumi tu. Akakaribia kufa, akapokea Sakramenti za mwisho, kisha akapata nafuu. Lakini mfupa mmoja ulitokeza chini ya goti, naye alitaka kuvaa viatu virefu vya kukaza, kama desturi ya mabwana wa mjini. Kwa ajili ya viatu hivyo tu aliagiza mfupa ukatwe kwa msumeno. Tazameni jinsi mtu awezavyo kuteswa bure kwa ajili ya fahari!

Vitabu vilivyokuwamo nyumbani

Siku za kulala zikawa nyingi. Inyasi akaomba aletewe hadithi za mashujaa, apitishe wakati. Watu wa nyumbani walitafuta, wasione hata moja. Wakamletea vitabu vilivyokuwamo: Maisha ya Kristu, kilichoandikwa na mtawa Ludolf wa Saxony, na kitabu cha maisha ya Watakatifu. Havikuwa vitabu alivyotamani. Alivisoma kwa sababu hakuwa na vingine.

Hata hivyo hakuvisoma kwa haraka. Alisoma kidogo, akafunga kitabu, akawaza. Mara nyingine mawazo yalirudi kwenye hadithi za zamani: aliwaza habari za bibi mmoja wa ukoo mkubwa, jinsi atakavyomwendea, maneno atakayomwambia, ushujaa atakaoutenda mbele yake. Saa mbili, tatu, hata nne zilipita, asisikie. Mara nyingine aliwaza habari za Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko, akajiuliza moyoni itakuwaje yeye akitenda kama walivyotenda wao. Akawaza kwenda Yeruzalemu bila viatu, kula majani tu, kufunga na kujitesa kama Watakatifu.

Ndugu wapenzi, angalieni neno hili. Inyasi alisoma vitabu vipya kwa macho ya zamani. Aliwaona Watakatifu kama mashujaa wengine, akataka kushindana nao. Hakujua bado unyenyekevu wala mapendo. Lakini Mungu hakungoja mpaka awe msomaji mkamilifu. Alimshika pale pale alipokuwa.

Jinsi alivyopambanua

Mawazo hayo ya namna mbili yaliendelea siku nyingi, na yote mawili yalimpendeza. Hapa ndipo palipo jibu la yule mwanafunzi. Kama utamu ungekuwa kipimo, Inyasi asingaliweza kuchagua, maana hadithi za dunia zilikuwa tamu sana alipoziwaza.

Ikawa siku moja macho yake yalifunguka kidogo. Aliona ya kuwa tofauti haikuwa katika saa ya kuwaza, bali katika saa iliyofuata. Alipokwisha kuwaza mambo ya dunia na kuchoka, moyo ulibaki mkavu na wenye huzuni. Alipokwisha kuwaza mambo ya Kristu na Watakatifu, moyo ulibaki na furaha na amani, hata baada ya mawazo yenyewe kupita. Akastaajabu, akaanza kuchungua roho ipi yatoka kwa Mungu na ipi yatoka kwa shetani. Hakuwa padri, wala hakuwa na elimu ya dini. Alikuwa askari mgonjwa aliyeutazama moyo wake kwa uangalifu.

Tangu hapo alisoma kwa namna nyingine. Akatwaa karatasi nzuri, akaanza kunakili mambo makubwa ya vitabu vile kwa mwandiko wake safi: maneno ya Kristu kwa wino mwekundu, maneno ya Bikira Maria kwa wino wa buluu. Daftari lake lilifika karibu karatasi 300.

Mwezi wa Machi 1522 alikwenda Montserrat, mahali patakatifu pa Bikira Maria. Akaungama dhambi za maisha yake yote, na maungamo hayo yakachukua siku tatu. Kisha akampa maskini nguo zake za fahari, akaacha upanga wake mbele ya altare, akakesha usiku kucha katika sala, kuamkia sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Kukesha hivyo ilikuwa desturi ya mashujaa katika hadithi zake za zamani. Basi hata vitabu vile Mungu alivitumia: desturi ilibaki, Bwana akabadilika.

Kitabu kikavu

Inyasi alikaa Manresa miezi kama kumi na mmoja katika sala na mateso, kisha akahiji Yeruzalemu mwaka 1523. Alipokataliwa kubaki huko, alirudi Hispania, akakusudia kusoma apate kuwasaidia watu. Mwaka 1524, naye ana miaka 33, aliketi Barcelona pamoja na watoto, akajifunza Kilatini tangu mwanzo.

Hapo akakutana na kitabu cha namna ya tatu: kitabu cha sarufi, kisicho na shujaa wala Mtakatifu. Kila alipoanza kukariri, mawazo matamu ya mambo ya Mungu yalimjia, akashindwa kushika somo. Mtu mwingine angalisema ya kuwa Mungu hataki asome. Inyasi alichungua tena. Akaona ya kuwa mawazo yale hayakumjia katika sala wala katika Misa, bali saa ya Kilatini tu. Akatambua hila. Akamwita mwalimu wake katika kanisa la Bikira Maria wa Bahari, akamwahidi ya kuwa miaka miwili hataacha kumsikiliza, maadam Barcelona apata mkate na maji. Majaribu yale yakaondoka.

Kumbe hata utamu mtakatifu waweza kuja wakati usiofaa! Na kitabu kikavu, kikiwa wajibu wetu, chaweza kuwa njia ya Mungu. Inyasi alisoma miaka mingi, mpaka akapata shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Paris mwaka 1535. Huko alikuwa amewapata rafiki zake wa kwanza, na Fransisko Saveri mmojawapo. Mwaka 1540 Papa Paulo III alilikubali Shirika la Yezu. Mwaka 1548 watawa wa shirika hilo walifika ufalme wa Kongo. Na mwaka huo huo Mazoezi ya Kiroho ya Inyasi yalipigwa chapa. Kitabu hicho hakitoshi kusomwa: ni cha kutendwa, kwa kusali na kuuchungua moyo.

Inyasi alifariki Roma tarehe 31 Julai 1556. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 1622. Alichechemea maisha yake yote, kwa sababu viatu vile vya fahari havikumponya mguu.

Wakatekumeni wapenzi, simwambii mtu achome hadithi zake. Nawaambia hivi: msihukumu kitabu kwa utamu wa saa ya kusoma. Kifungeni, nendeni shambani au kisimani, kisha usiku tazameni kimeacha nini moyoni. Na katekisimu ikiwa kavu mikononi mwenu, msiikimbie. Mkumbukeni mtu mzima aliyeketi kati ya watoto.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Kitabu cha mwisho nilichosoma au kusomewa kimeniacha na moyo wa namna gani siku iliyofuata?
2. Ni mawazo gani, hata yakiwa mema, yanayonizuia kutimiza wajibu wa saa hii?
3. Neno gani la Yezu ningeliandika kwa wino mwekundu katika daftari langu?