Mkate wa Wishwa wa Mamake Liyongo

Majuzi, nikiwa safarini kwenda Lamu, nilishuka Garsen nikaingia mkahawa mmoja wa kando ya barabara. Nililetewa wali na kambare wa mto Tana katika mchuzi wa tui. Mbele yangu walikaa benchi moja mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya maziwa. Kwa anayekumbuka damu iliyomwagika katika Delta ya Tana mwaka 2012, hilo si jambo dogo kulitazama. Nami mwalimu wa fasihi nikamkumbuka Fumo Liyongo, mwana wa nchi hii hii.

Masimulizi humweka Ozi, karibu na mto unapoingia baharini, na kaburi lake huonyeshwa Kipini. Edward Steere alichapisha habari zake mwaka 1870. Muhamadi Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mwaka 1913. Wanafunzi wetu humjua kwa kimo na upinde. Mimi nadiriki kusema kwamba tumesahau chakula.

Mtawala wa Pate, akihofia kupokonywa kiti, aliwaahidi Wadahalo fedha wamuue. Hawakumwendea kwa vita, la hasha. Walimkaribisha kikoa, ule mlo wa wenzi wanaolishana kwa zamu. Kila mmoja alikwea mkoma akawaangulia wenzake, wakingoja Liyongo apande wamfume mishale. Zamu yake ilipofika alichagua mkoma mrefu kuliko yote, akayaangusha makoma kwa mshale, miguu yake ikiwa chini.

Baadaye alinaswa, akafungwa Pate kwa minyororo. Kijakazi Saada alimpelekea chakula, na kila chakula kizuri askari wakakila wao. Ndipo mfungwa alipompa Saada wimbo wa mafumbo aufikishe kwa mama, na mama akaufahamu. Alioka mkate wa wishwa, ndani yake akaficha tupa. Askari waliudharau, wakaupitisha. Usiku watu walipocheza gungu nje kwa kishindo cha ngoma, yeye alikereza minyororo mpaka ikakatika. Je, walimu wenzangu, darasani mama huyu tunampa dakika ngapi?

Liyongo alioa kwa watu walioitwa Wagala zamani, ambao Waorma wa leo ni jamaa zao. Mwanawe wa ndoa hiyo alikaribishwa Pate, akakirimiwa na kuahidiwa binti wa mtawala, akarudi kumchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa amelala. Liyongo aliamka akaenda kisimani, akapiga goti na mshale upindeni, akafa hivyo. Mji ulikosa maji siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kumkaribia, hata mama alipokuja kumbembeleza. Ndipo mwili ukaanguka.

Nilipoinuka kulipa, yule mfugaji alikuwa ametangulia kulipia chai ya mkulima, akimkumbusha kwamba kesho ni zamu yake.