Vivian Fuchs: Kutoka Bonde la Ufa Hadi Ncha ya Kusini

Siku hizi watalii hupanda meli za fahari hadi nchi ya barafu, wakashushwa kwa mashua kutazama pengwini, kisha wakarudi melini kula. Mimi kila nipitapo Nakuru nikielekea Baringo humkumbuka Vivian Fuchs, Mwingereza mjuzi wa miamba, aliyezaliwa mwaka 1908.

Mwaka 1929 alikwenda Greenland, akaionja barafu. Mwaka 1930 akaja kwetu na wenzake wa Cambridge kuchunguza maziwa: Naivasha, Baringo na Rudolf, ambalo leo ni Turkana.

Mwaka 1934 alirudi Rudolf, sasa yeye ndiye kiongozi. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walishuka Kisiwa cha Kusini. Upepo wa ziwa lile hauna masihara. Walitafutwa, hawakupatikana, hata leo kaburi lao halijulikani.

Mwaka 1957 Fuchs aliongoza watu kuivuka Antaktika: siku 99, maili 2,158. Tarehe 2 Machi 1958 wote 12 walifika ng'ambo wakiwa hai.

Alifariki mwaka 1999. Wengi humsifu kwa zile maili. Mimi namsifu kwa wale 12.